Mkebe Uliouchoma Kanisani Ni Kazi ya Mikono Yako

Kwako Kadzo, uliyekuwa dada yangu kule Riyadh,

Sianzi kwa salamu. Salamu ninayo, lakini imekwama nyuma ya maneno mengine, na nikiisukuma itangulie itakuwa ya uongo. Wewe ulisema yako mbele ya kanisa zima. Mtu akakurekodi kwa simu, video ikapita mkono kwa mkono kutoka Kaloleni hadi huku kwetu Mwatate, na aliyenionyesha ni mwanamke ninayemshonea watoto wake sare za shule. Alinishikia simu mbele ya macho, akasema, "Mama Wakesho, huyu si anakutaja wewe?" Kwa hiyo barua hii siitii kwenye bahasha. Nimeiandika isomwe na kila aliyeitazama ile video.

Nimekutazama mara nyingi kuliko inavyonifaa. Umevaa blauzi nyeupe, umenenepa kidogo, umependeza. Unasema kulikuwa na Mtaita mmoja anaitwa Mghoi aliyekuingiza katika uchawi Saudia. Unasema alikulazimisha kutema maji na kuita mizimu, na kwamba alikuwa anataka kumuua mtoto wa bosi. Kisha unainua mkebe mdogo wa bati, watu wanapiga yowe, mchungaji anaumiminia mafuta ya taa, na wewe mwenyewe unawasha kiberiti.

Kadzo, nani alitengeneza mkebe wa kwanza?

Nakukumbusha, kwa sababu inaelekea umesahau. Mimi nilifika Riyadh miaka ile mawakala wa kazi za Uarabuni walipokuwa wamejaa Mombasa kila kichochoro, nikakukuta wewe na Chaltu tayari mko katika nyumba ile. Wewe ulikuwa wa watoto. Chaltu, Mworomo wetu kutoka Ethiopia, alikuwa wa jikoni. Mimi nikapewa vyumba na nguo. Tulilala watatu katika kile chumba kilichopakana na cha kufulia, ambako mashine ilitutetemesha kama tumelala juu ya trekta. Wiki ya kwanza madam, mke wa bosi, aliniita kwa "yalla", yaani "haya, upesi", tu, hadi nikadhani ndilo jina alilonipa. Wewe ndiye uliyemwambia, kwa Kiarabu chako cha kuokoteza, "Madam, huyu ana jina. Ni Mghoi." Nilikupenda tangu siku hiyo, na si neno ninalolitumia hovyo.

Baba yako alifariki nikiwa sijamaliza hata mwaka. Ulipigiwa simu Ijumaa, siku tuliyokuwa tunarudishiwa simu zetu. Ulimwomba kafili, yaani bosi mwenyewe, ruhusa, akasema mkataba bado, halas, basi. Hukulia. Ulikwenda ukapiga pasi mashati ya watoto, kazi yangu, ukayapiga yote mpaka kikapu kikabaki kitupu, nami nikasimama pembeni nisijue la kufanya na mikono yangu.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala, nilikukuta kwenye chumba cha kufulia umekaa juu ya ndoo. Mkononi ulikuwa na kisu cha kumenyea viazi na kipande cha mswaki wa mti, ule anaotumia Hajja, mama yake kafili, na kuutupa ukilainika. Ulikuwa unauchonga. Ulikata shingo, ukachonga kichwa mviringo, ukapunguza kiuno. Kisha ukachana vitambaa vyembamba kama uzi: cheupe na chekundu kutoka kwenye kilemba kibovu cha kafili, cheusi kutoka kwenye pindo la abaya lililokatika. Ukavifunga shingoni mwa kile kijiti kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, la kupinda kushoto mara mbili na kuliminya kwa meno.

"Unafanya nini?"

"Namtengenezea baba koma," ulisema. "Kwetu ningekuwa nimemsimamishia mti wake uani, nimpe tembo na unga. Ndugu zangu watamsimamishia. Lakini mimi sitakuwepo. Na yeye hawezi kuja Riyadh, hana kibali, hana ikama."

Ulisema hivyo bila kucheka. Mimi nikacheka, kisha nikaogopa kwamba nimekosa. Ndipo na wewe ukacheka, na kicheko kikageuka kilio, na tukafungua bomba la maji ili tusisikike.

Ulitaka nyumba ya kumweka. Nikakuletea mkebe wa peremende za koo za Hajja, ule bapa wenye bawaba, unaofunguka kama kitabu. Ulipaka ndani gundi ya unga wa ngano, ukatandika kitambaa cheusi, ukamsimamisha baba yako katikati na kumshikiza kwa uzi ili asianguke mkebe ukifungwa. Nilipotaka kukigusa kile kijiti ukasema, "Gusa tu. Sasa hivi bado ni mti. Mpaka nimwite jina." Ukanitoa nje, ukamwita peke yako.

Sasa uniambie, Kadzo, katika hayo yote mimi nilikufundisha lipi?

Chaltu ndiye aliyegundua kwanza, maana uliiba unga wake. Tulidhani atagomba. Alichukua mkebe, akautazama kwa muda, akarudi jikoni, akaja na buni chache alizokaanga kwa siagi. Alisema kwao wanampa Waaqa, Mungu wao, kahawa namna hiyo, na majani mabichi, na mama yake alikuwa na shanga ambazo hazivaliwi na mtu mwingine. "Baba ya Kadzo mgeni," alisema kwa Kiswahili tulichomfundisha sisi. "Mgeni bila kahawa, aibu." Akaweka buni moja miguuni pa yule koma.

Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilisitasita. Nimebatizwa, naenda kanisani, mama yangu ni wa chama cha akina mama, na sijawahi kukana hilo. Lakini kwetu Taita tuna jambo ambalo nyanya yangu alilifanya akitoka ibada ya Jumapili bila kuona shida yoyote. Mtu akiwa na hasira na mwenzake hakai nayo. Anajaza maji mdomoni, au pombe ya muwa kama ipo, anayapuliza nje yaanguke kama manyunyu, kisha anasema: kama kuna kinyongo changu juu ya fulani, kitoke, awe mzima. Tunaita kutasa. Nyanya alisema hasira ya mtu inaweza kumuuguza mwenziwe hata kama mwenye hasira hapendi, ndiyo maana ni lazima itolewe. Niliwaeleza hilo kwa sababu mliniuliza. Wewe, Kadzo, ndiye uliyeshika mkono wangu ukasema, "Hiyo ndiyo tunayoihitaji humu ndani kuliko zote. Hasira zetu zingeweza kuangusha ghorofa."

Unakumbuka mabishano yetu? Mimi niliuliza kama inafaa kuchanganya. Koma wa Kigiriama atakunywa pamoja na Mungu wa Waoromo, na katikati aje Mtaita kupuliza maji ya sukari? Si watagombana? Ukanijibu, "Huku ugenini wote ni vibarua. Watashirikiana tu kama sisi." Chaltu alikuwa mgumu zaidi. Alikataa Waaqa awekwe ndani ya mkebe, akasema Waaqa hana umbo na hafungiwi. Basi ukamtengenezea wake bila kijiti, shanga tupu zimeshonwa kwenye kitambaa kijani, na kifuniko ukakitoboa vitundu kwa msumari ili pawe na hewa. Ndani ya wangu uliweka kikombe kidogo cha maji, kifuniko cha chupa ya dawa ulichokisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa kama fedha. Kila mchana, kabla ya nyumba kuamka, tulifungua mikebe yetu juu ya mashine ya kufulia. Wewe unga, Chaltu kahawa, mimi maji. Baada ya muda tukabadilishana bila kupanga. Nilijikuta mimi ndiye ninayempa baba yako unga, na Chaltu anapuliza maji kuliko mimi, anatulowanisha nyuso, tunacheka.

Ndipo habari zikaenea kwenye majiko ya watu. Madam alipokwenda kutembelea ndugu zake alituchukua, na tulipokaa jikoni na wasichana wa nyumba hizo, wewe ndiye uliyetoa mkebe kifuani kuwaonyesha. Si mimi. Mimi nilikukanyaga mguu. Yule Mnepali mpole mwenye kovu la mafuta mkononi alikuomba wake, akakuletea punje za mchele na uzi mwekundu. Nilikuuliza, "Utamtengenezeaje na miungu yake huijui?" Ukasema, "Sihitaji kuijua. Nahitaji kujua inakula nini." Hilo neno nimelirudia mara nyingi hapa nyumbani, bila kutaja limetoka kwa nani.

Ulikuwa fundi, Kadzo. Nasema haya nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko, na bado nayasema. Vidole vyako vilijua. Hukuwahi kuutoa mkebe ambao bawaba yake inalia. Hukuwahi kuweka kitu ndani bila kumuuliza mwenyewe maana yake. Wanawake waliokuwa hawajui hata jina la mtaa wanaoishi walikuwa na kitu cha ukubwa wa kiganja kilichojua wametoka wapi, na kitu hicho walipewa na wewe.

Kisha ikaja Jeddah. Familia ilihamia nyumba yao ya Al-Rawdah kwa likizo, nasi tukabebwa pamoja na mazulia. Nakumbuka alasiri ile walipotupeleka ufukweni kuwaangalia watoto. Chaltu alikuwa na furaha ya kichaa. Alisema kwao, mvua zikiisha, watu huenda majini na nyasi mbichi mkononi kushukuru. Nyasi hatukuwa nazo, akatoa fungu la giligilani alilolificha ndani ya abaya. Tukagawana vijiti. Tukashuka kwenye mawe kama wanaokwenda kunawisha watoto miguu, tukachovya giligilani katika Bahari ya Shamu, tukajinyunyizia. Wewe ulimwambia baba yako, kwa sauti, "Haya, baba, sasa umeona bahari ya watu wengine." Mtoto mdogo wa madam alitaka naye anyunyiziwe, ukamnyunyizia. Tulirudi nyumbani tunanuka supu. Sijawahi kuwa na marafiki kama niliokuwa nao siku ile, na sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa uchawi.

Mtoto yuleyule aliugua siku chache baadaye. Homa tu, ile ya watoto kubadili hewa, lakini haikushuka. Daktari alikuja, akaja tena. Madam alikuwa amechanganyikiwa, na simlaumu kwa hilo, mimi pia ni mama. Mchana ule tulijifungia chumba cha kufulia. Mimi nilikuwa nimemkasirikia madam kweli, alikuwa amenipiga na kiatu juma hilo kwa ajili ya doa. Nikawaambia, "Kama homa hii ina hasira yangu ndani yake, acha nitase." Nikajaza maji mdomoni, nikapuliza, nikasema mtoto awe mzima, sina lolote juu yake, sina lolote hata juu ya mama yake. Mlikuwepo wote wawili. Wewe uliitikia.

Kesho yake madam akapekua chumba chetu. Mtu alikuwa amemtia hofu kwenye simu kwamba wafanyakazi hufanya sihri, yaani uchawi, kwa nywele. Akainua godoro lako, Kadzo, si langu. Akafungua mkebe wako. Ndani, miguuni pa baba yako, kulikuwa na kishungi cha nywele za mtoto, kimefungwa uzi.

Tuliitwa sebuleni. Kafili amesimama, Hajja amekaa kwenye kiti chake, madam ameushika mkebe kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Akauliza, "Hii ya nani?"

Neno moja lilitosha. Ungesema, ni nywele za mwanangu Dama, nilizikata usiku wa kuondoka nyumbani, ndizo ninazo. Mimi na Chaltu tungekuunga mkono. Badala yake ulitazama zulia ukasema, "Ya Mghoi, madam. Ameificha kwangu. Ana hasira na wewe. Kwao hasira inatia mtu ugonjwa. Jana alitema maji kwa ajili ya mtoto."

Hukusema uongo mtupu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ulichukua kitu cha nyanya yangu, kizuri, kilichofanywa ili mtoto apone, ukakigeuza ndani nje kama soksi.

Kafili akanishika mkono. Ndipo Chaltu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akatoka, akaenda chumbani, akarudi na mkebe wake. Akauweka juu ya meza mbele ya watu wote. "Mimi iko nayo pia," akasema kwanza kwa Kiswahili, kwa kuchanganyikiwa, kisha kwa Kiarabu chake kizuri: "Sote tunayo. Ni vitu vya kwetu. Hakuna mtoto wa mtu humu ndani." Wewe ulikuwa umesimama mkono mmoja tu kutoka kwake. Hukuinua uso.

Hajja ndiye aliyetuokoa na lililo baya zaidi. Aliomba mkebe, akazichukua zile nywele, akazisugua kati ya vidole vyake vizee, akamwambia mwanawe, "Hizi ni nywele za mtoto wa Kiafrika. Mjukuu wangu hana nywele kama hizi. Hakuna sihri hapa, mna wazimu. Warudisheni kwao, halas." Alikutazama wewe, Kadzo, si mimi. Nadhani alijua.

Mimi na Chaltu tulipelekwa tulikopelekwa, kizuizini, kungoja kurudishwa kwetu. Sitaeleza chumba kile, kwa sababu mwanangu atasoma hapa. Nitasema tu tulilala wanawake wengi sakafuni, na kila aliyefunguliwa mlango tulidhani anakwenda kuhukumiwa. Miezi ikapita. Chaltu aliniimbia. Mtoto wa madam alikwishapona siku nyingi, tuliambiwa na msichana wa jirani yao aliyeletwa mle kwa jambo lake. Mwishowe tukapandishwa ndege, yeye kwao na mimi kwetu, kila mmoja na nguo alizovaa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo utashangaa. Nilikusamehe. Nilipofika nyumbani mama aliniangalia akasema, "Umekuja na mtu moyoni, mtoe." Tukasimama naye uani asubuhi, nikachukua maji, nikalitaja jina lako. Nilisema: Kadzo aliogopa, mkebe ulikuwa chini ya godoro lake, ana mtoto, angekuwa yeye mle ndani. Nikapuliza. Na ilitoka kweli. Nilisikia kifua kimekuwa chepesi. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba mkataba ulivunjika, kazi ilikuwa ngumu. Jina lako sikulitaja kwa mtu hata mmoja isipokuwa mama. Hata Chaltu aliponipigia simu, baada ya kunitafuta kupitia wanawake wa kila nchi, tulikuzungumzia kwa huruma. Tulikuombea umalize salama.

Ukamaliza salama. Ukarudi. Na hukunitafuta. Ukaenda kusimama madhabahuni.

Nimekwambia nimeitazama video mara nyingi. Mara za kwanza nilisikiliza maneno. Baadaye nikaizima sauti, nikatazama mkebe. Unauinua, mtu aliyeshika simu anasogea karibu, na unaonekana vizuri kabla ya mafuta kumwagwa. Ulioachwa Jeddah ulibaki mikononi mwa Hajja. Huu ni mpya. Uliutengeneza ili uuchome.

Nao ni mzuri, Kadzo. Kitambaa kimetandikwa bila kunyanzi. Kijiti kina shingo na kiuno. Vitambaa ni vitatu, na fundo ni lile lile, la kupinda kushoto mara mbili. Ungeweza kutia takataka yoyote ndani ya kopo lolote, watu wale wasingejua tofauti. Lakini mikono yako ilikataa kufanya vibaya. Mdomo ulikuwa unajiandaa kudanganya, na mikono ikaendelea kusema kweli. Nilipoliona hilo ndipo hasira hii ilipokuja, na ni kubwa kuliko ya Jeddah. Ya Jeddah ilikuwa juu ya mtu aliyeogopa. Hii ni juu ya mtu aliyeketi kimya mchana kutwa, akachonga, akashona, akapaka gundi, akangoja ikauke, huku akijua anatengeneza nini. Nani alikuwa amekutisha siku hiyo? Kafili gani?

Na kijiti kile, ulikiita jina? Usinijibu kama hutaki. Nilipokiona kinashika moto nilisimama pale dukani kwangu ninaposhonea nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, asiwe amemwita."

Basi nikueleze ulichokichoma kingine. Akina mama wa chama cha mama yangu wamemwambia apumzike kidogo kuleta chai. Wateja wanapitia upande mwingine wa barabara, na cherehani yangu inakaa imefunikwa siku za juma. Msichana wangu Wakesho alirudi shuleni ameraruliwa sweta. Wenzake walitaka kuona kama amefungwa hirizi kiunoni. Mwalimu alimkalisha peke yake "mpaka mambo yatulie." Wewe una Dama. Jaribu kuliwazia hilo kwa Dama.

Mama ananiambia nitase tena. Anasema hasira ikikaa inachacha, itakudhuru wewe huko uliko au itanidhuru mimi. Nimemheshimu mama yangu maisha yangu yote, lakini hapa nimekataa. Ukitasa na bado hujaachilia, umetema maji tu, na umemdanganya kila aliyekusikia. Sitafanya mchezo wa kuigiza na kitu cha nyanya yangu. Mchezo huo umekwisha kufanyika, umeufanya wewe.

Sikutakii jela, na sikutakii ugonjwa. Ninachotaka ni usimame pale pale, mbele ya watu wale wale, useme: mkebe nilitengeneza mimi, kwa ajili ya baba yangu, nywele zilikuwa za mwanangu, Mghoi alimwombea mtoto apone. Basi. Kama sasa unaamini kwamba vitu vile vilikuwa dhambi, ni haki yako, amini hivyo. Hubiri dhidi yake kila Jumapili. Lakini itaje kuwa dhambi yako, uliyoichonga kwa mikono yako ukiwa na majonzi, si yangu. Mtu huungama yake, haungami ya jirani.

Mchungaji wako akitaka kujua zaidi, aje Mwatate, nitamkaribisha chai. Chaltu yuko tayari kuzungumza kwenye simu. Kiswahili chake bado anacho.

Jana jioni Wakesho aliniomba simu. Nilijua anataka nini, na nikampa, maana ameshaiona kwa wenzake, afadhali aione nikiwa nimekaa kando yake. Aliitazama mpaka mwisho. Nilingoja aniulize kama mimi ni mchawi. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Mama, huyu alikuwa mtu mbaya?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, Kadzo. Nilikuwa nimelinoa muda mrefu. Nikasikia nasema, "Hapana. Alikuwa mtu mzuri sana."

"Basi kwa nini umekasirika hivi?"

"Kwa sababu hiyo," nikamwambia.

Sikuagi kwa heri, kwa kuwa heri yenyewe bado sijaipata. Nakuaga tu.

Mwenzako wa chumba cha kufulia,
Mghoi, mama yake Wakesho